Kukoma kwa Hedhi na Heshima ya Kazi

Katika maisha ya mwanamke iko milango miwili ya umri ambayo hakuna aipitaye asibadilike. Mlango wa kwanza ni kuvunja ungo. Mlango huo hupokewa kwa mafundisho na wasimamizi. Mwari ana kungwi wake, na nyumba nzima hujua la kumfanyia. Mlango wa pili ni kukoma kwa hedhi. Huu aghalabu hupitwa kimya. Hauna ngoma wala kungwi, wala hauna siku moja iwezayo kutajwa kuwa ndiyo yake. Maana matabibu huhesabu kuwa hedhi imekoma baada ya kupita miezi 12 pasipo damu, na kwa hiyo mwanamke huutambua mlango akiwa amekwisha kuupita.

Kimya cha nyumbani kina sababu zake, na sababu hizo zataka insha nyingine. Kimya kinachochunguzwa hapa ni kile cha mahali pa kazi: cha karani mezani pake, cha mwalimu mbele ya darasa, cha muuguzi katika zamu ya usiku, na cha mfanyakazi wa kiwanda mbele ya mtambo wake. Nchi iliyochaguliwa ni Uingereza, kwa kuwa huko jambo hili limefika mbali kuliko katika nchi nyingi. Limefika katika vyama vya wafanyakazi, katika mahakama na katika Bunge, na kila hatua imeacha maandishi nyuma yake. Swali lenyewe ni fupi. Kwa nini wanawake waliofanya kazi kwa ujira walinyamaza kwa muda mrefu hivyo, na ni kitu gani kilichowafungua vinywa?

Yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Ovari zipunguzapo kutoa homoni ya estrojeni, mwili hutikisika kabla ya kutulia. Katika Uingereza jambo hili huwafika wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na wastani wake ni miaka 51. Wako wanawake wasioona taabu yoyote, na wako waonao taabu ndogo. Tena wako wanaopandwa na joto la ghafula kifuani, shingoni na usoni, wakatoka jasho mbele za watu, wanaokosa usingizi, wanaotokwa na damu nyingi isiyo na miadi kabla haijakoma kabisa, wanaoumwa viungo, wanaosahau neno walilotaka kulisema, au kushikwa na hofu isiyo na sababu. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa nusu ya wanawake wenye joto hilo mara kwa mara huwa nalo kwa zaidi ya miaka 7. Miaka 7 si homa ya wiki moja ya kuombewa ruhusa. Ni sehemu ya maisha ya kazi, nayo huja katika umri ule ambao mfanyakazi ana ujuzi mwingi kuliko aliopata kuwa nao.

Neno la kitabibu litumikalo katika lugha nyingi za Ulaya lilitungwa na tabibu Mfaransa, Charles de Gardanne, ambaye kitabu chake cha mwaka 1821 kililitia neno hilo katika jina lake, na papo hapo kikauita umri huo umri wa hatari kwa wanawake. Mwaka 1857 tabibu wa London, Edward Tilt, alitoa kitabu kikubwa juu ya mabadiliko hayo katika afya na katika ugonjwa. Mgonjwa aliyeonekana katika vitabu vya namna hiyo alikuwa mwanamke mwenye uwezo wa kumwita tabibu na kulala kitandani akingoja dawa. Wakati huo huo maelfu ya wanawake walikuwa wakifanya kazi katika viwanda vya pamba vya Lancashire, ndani ya vyumba vilivyowekwa joto na unyevu makusudi ili nyuzi zisikatike. Mwanamke wa miaka 50 aliyesimama humo, jasho lake lilichanganyika na jasho la wote. Yeye hakuwa mgonjwa ambaye vitabu viliandikwa kwa ajili yake.

Sheria za kazi nazo, zilipoanza kumtambua mwanamke, zilimtambua kwanza kama mama. Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa mwaka 1919, na mmoja katika mikataba yake ya mwaka huo huo ulihusu ulinzi wa uzazi, ukaweka mapumziko ya wiki 12. Njia hiyo imefuatwa katika nchi nyingi. Katika Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84 yenye malipo. Sheria za namna hii ni njema, na hakuna mwenye akili azichukiaye. Lakini zinautazama mwili wa mwanamke wakati unapozaa. Tumbo likisha kupumzika, sheria nayo humwacha mwenye tumbo.

Katika Uingereza ya kabla ya mwaka 1939 liko jambo jingine lililozidisha kimya. Ofisi nyingi, shule nyingi na idara za serikali zilikuwa na kanuni ya kumtoa mwanamke kazini siku aolewapo. Kanuni hiyo iliondolewa kwa walimu na Sheria ya Elimu ya mwaka 1944. Iliondolewa katika utumishi wa serikali wa ndani ya nchi mwaka 1946. Lakini katika utumishi wa mambo ya nje iliendelea hadi mwaka 1973. Matokeo yake yalikuwa dhahiri. Wafanyakazi wanawake wa ofisini walikuwa wengi wao wasichana, na aliyefika miaka 50 kazini aghalabu alikuwa hakuolewa au alikuwa mjane. Mtu huyo hakuwa na mume wa kumlisha, na mkate wake ulitegemea jambo moja: wakubwa wake waamini kuwa anaiweza kazi. Mtu wa namna hiyo hasemi kuwa usiku hakulala, wala hasemi kuwa asubuhi alisahau hesabu. Kusema ni kutoa silaha mkononi mwake na kuwapa wale ambao tangu hapo walikuwa wakitafuta sababu ya kumtoa.

Walioielewa hofu hiyo kuliko wote walikuwa wanawake matabibu. Chama chao cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1917, kiliwahoji wanawake 1,000 juu ya kukoma kwa hedhi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1933 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Jambo hilo lilikuwa jipya, maana watu waliohojiwa hawakuwa wagonjwa tu waliokwenda kulalamika kwa tabibu. Majibu yalikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza, wengi wao walikuwa wameona taabu za namna fulani. Upande wa pili, wengi wao walikuwa wameendelea na shughuli zao za kila siku pasipo kuzikatiza.

Msomaji azishike pande hizi mbili pamoja, kwa kuwa historia yote iliyofuata imo katika kuzitenganisha. Wanawake wale waliumwa, na wanawake wale walifanya kazi. Upande wa pili ulikuwa ngao iliyohitajiwa sana. Kwa ngao hiyo iliwezekana kumjibu kila mwajiri aliyedai kuwa mwanamke akifika makamo hafai tena kushika kazi ya kutegemewa. Lakini ngao ikikaa mbele ya uso muda mrefu huziba kinywa. Kwa kuwa ilikwisha kusemwa kuwa wanawake wanaiweza kazi, yule aliyeiweza kwa shida kubwa alijiona kuwa anawaaibisha wenzake. Uwezo wa kufanya kazi uligeuzwa kuwa ushahidi wa kutokuwa na taabu. Kosa hilo dogo la kufikiri lilidumu kwa miaka karibu 90, na itaonekana mbele kuwa lilikutwa hata katika hukumu ya mahakama.

Wala isidhaniwe kuwa hofu ya wanawake ilikuwa ya bure, au kuwa ilikuwa ya Uingereza peke yake. Mwaka 1970, katika Marekani, mbunge wa Hawaii Patsy Mink alikitaka chama chake cha Democratic kiipe haki ya wanawake nafasi ya mbele. Tabibu mmoja aliyekuwa mjumbe wa kamati ya chama hicho, Edgar Berman, alimpinga kwa hoja ya homoni: kwamba mabadiliko ya mwili wa mwanamke, ya kila mwezi na ya umri wa kukoma kwa hedhi, yamfanya asifae kushika madaraka makubwa wakati wa hatari. Mink alidai aondolewe katika kamati, na Berman akajiuzulu mwaka huo huo. Mbunge alishinda, lakini kila mwanamke mwenye umri wa miaka 50 aliyesoma habari ile katika gazeti alijifunza somo jingine. Alijua sasa kwa yakini kwamba akilitaja joto lake kazini, kuna mtu msomi aliye tayari kuligeuza kuwa hoja ya kumnyima cheo.

Wakati waajiri hawakuulizwa kitu, dawa iliulizwa kila kitu. Vidonge vya estrojeni viitwavyo Premarin viliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1942. Mwaka 1966 tabibu wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichoenea sana, ambacho ndani yake alihubiri kuwa kukoma kwa hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba dawa yake ni homoni. Mawazo hayo yalivuka bahari yakafika Ulaya. Kisha mwaka 2002 uchunguzi wa Marekani uliowahusu wanawake zaidi ya 16,000, waliopewa estrojeni pamoja na projestini au kidonge kisicho na dawa, ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu katika kundi lililotumia homoni saratani ya matiti ilizidi, na madhara yalionekana kuwa makubwa kuliko faida. Wanawake wengi katika nchi nyingi waliacha dawa kwa hofu. Uchambuzi wa miaka ya baadaye ulionyesha kuwa hatari hutegemea umri wa mtumiaji, namna ya homoni na muda wa kuitumia, na matabibu wakarudi kuiandika kwa uangalifu zaidi. Hata hivyo mshituko wa mwaka 2002 uliacha swali ambalo dawa ilikuwa imelifunika. Ikiwa mwanamke hawezi au hataki kumeza kidonge, ni nini kingine kiwezacho kubadilishwa?

Jibu la kwanza lilitoka mahali pasipotazamiwa sana na wasomi. Baraza la vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, lijulikanalo kwa herufi za TUC, lilitoa taarifa mwaka 2003 juu ya kufanya kazi katika kipindi cha mabadiliko hayo. Waliohojiwa walikuwa wawakilishi wa usalama kazini, yaani wafanyakazi waliochaguliwa na wenzao kuangalia mitambo, vumbi, ngazi na moto. Watu hawa wana mazoea ya kukitazama chumba kabla ya kumtazama mtu. Walitaja mambo yanayozidisha taabu: joto la chumba, hewa isiyopita, vyoo vibovu au visivyokuwapo, mahali pa kupumzikia pasipofaa, na kukosekana kwa maji baridi ya kunywa. Walitaja pia wakuu waliokuwa wakiwalaumu wanawake kwa siku za ugonjwa, na wanawake walioona haya kusema.

Hapo ndipo ulipogeuka mwendo wa historia hii. Tangu siku za Gardanne swali lilikuwa: mwanamke huyu ana kasoro gani? Sasa likawa: chumba hiki kina kasoro gani? Na chumba kilikuwa na kasoro zilizoandikwa hata katika sheria. Kanuni za mahali pa kazi za Uingereza za mwaka 1992, pamoja na mwongozo wake, zilitaja kiwango cha chini cha joto, yaani nyuzi 16 za sentigredi kwa kazi ya kukaa na nyuzi 13 kwa kazi ya nguvu. Kiwango cha juu hazikukitaja kwa tarakimu. Waliozitunga waliiogopa baridi ya nchi yao, wala hawakumfikiria mtu ambaye joto lake latoka ndani.

Kadhalika hesabu za umri zilikuwa zikibadilika. Sheria ya mwaka 1940 ilikuwa imeweka umri wa mwanamke kupata pensheni ya serikali kuwa miaka 60. Tangu mwaka 2010 umri huo ulianza kupandishwa. Ulifika miaka 65 mwaka 2018, na miaka 66 mwaka 2020. Kwa tendo hilo taifa lilimwambia mwanamke aendelee kufanya kazi miaka mingi zaidi baada ya kuupita mlango wa pili. Halikuwa jambo la haki kumzidishia njia pasipo kuuliza kama viatu vinamtosha.

Mwaka 2010 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Amanda Griffiths, pamoja na wenzake, walitoa uchunguzi uliohusu wanawake karibu 900 wenye umri wa miaka 45 hadi 55 katika mashirika 10. Wengi walisema kuwa kazi iliwawia ngumu kwa uchovu, kukosa usingizi, kusahau na kutoweza kukaza fikira. Na kwamba joto la ghafula liliwatesa zaidi katika mikutano na vyumba vya moto. Wengi hawakuwaambia wakuu wao, hasa mkuu alipokuwa mwanamume au kijana kuliko wao. Wengine walipokosa kwenda kazini walitaja sababu nyingine. Wengi walifanya bidii ya ziada kuficha upungufu waliouogopa, wakisoma kila barua mara mbili na kuandika kila neno wasije wakalisahau. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini hapa aliyeijua adhabu alikuwa hai, naye alilipwa mshahara ili aonekane kuwa haijui.

Uchunguzi huo ulikuwa na mpaka ambao wenyewe waliufanya waziwazi. Wanawake wale walikuwa wa kazi za ofisi: makarani, mameneja na wataalamu. Karani aweza kufungua dirisha au kuvua koti. Mfagizi wa usiku, mwangalizi wa wazee majumbani, na mwanamke wa kiwandani aliyevaa sare ya nailoni asiyoruhusiwa kuivua, hao hawakuwamo. Katika elimu ya jambo hili, mwenye kazi nyepesi amesikiwa mapema kuliko mwenye kazi nzito. Na mwanafunzi atakayetaka kuendeleza uchunguzi anaujua sasa mlango wa kuanzia.

Baada ya vyama na vyuo zilifuata mahakama. Mwaka 2012 mahakama ya kazi ya Uingereza ilisikiliza shauri la mwanamke aliyefukuzwa na kampuni kubwa ya simu kwa kudaiwa kuwa kazi yake imepungua. Alikuwa amempa mkuu wake barua ya tabibu iliyoeleza kuwa kukoma kwa hedhi kumemdhoofisha katika kukaza fikira. Utaratibu wa kampuni ulitaka habari za afya zichunguzwe kabla ya kumfukuza mtu. Mkuu hakuuliza kitu. Alitegemea yale aliyoyaona kwa mkewe mwenyewe na kwa mwanamke mwingine wa ofisini. Mahakama iliona kuwa mwanamume mwenye dalili kama zile asingalitendewa hivyo, ikaamua kuwa amebaguliwa kwa ajili ya jinsia yake na kufukuzwa pasipo haki. Funzo la hukumu hiyo ni la maana. Mkuu yule hakuwa mjinga wa jambo, alidhani analijua. Aliupima mwili mmoja kwa mwili mwingine, na kumbe katika jambo hili wanawake wawili wa nyumba moja huweza kutofautiana kama mvua na kiangazi.

Shauri la pili lilitoka Scotland, nalo lilitokea ndani ya jengo la mahakama. Mwanamke aliyeitumikia mahakama kwa miaka 20, pasipo doa katika kumbukumbu zake, alikuwa akitokwa na damu nyingi, akipungukiwa na damu mwilini, na mara nyingine akichanganyikiwa na kusahau. Siku moja mwaka 2017 aliporudi ukumbini aliwakuta wanaume wawili wakinywa maji kutoka katika jagi lililokuwa mezani pake. Alikuwa akitumia dawa ya kuyeyusha katika maji, na hakukumbuka kama aliitia humo au hakuitia. Kwa hofu ya kuwadhuru akawaambia. Ilibainika baadaye kuwa maji yalikuwa matupu, kwa sababu dawa ile ingaliyabadili rangi. Kwa ajili hiyo alishitakiwa na wakubwa wake kuwa amedanganya, akafukuzwa.

Mahakama ya kazi ilitoa hukumu mwaka 2018. Katika shauri hilo ilikubaliwa kuwa hali yake ilikuwa ulemavu kwa maana ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Iliamuliwa kuwa kuchanganyikiwa kwake kulitokana na hali hiyo, na kwamba kumwadhibu kwa hilo ni kumwadhibu kwa ulemavu wake. Aliamriwa kurudishwa kazini, kulipwa mishahara aliyoikosa, kiasi cha pauni 14,000, na pauni 5,000 kwa kuumizwa moyo. Wenye fikira watalikumbuka zaidi jambo moja lililo nje ya hesabu hizi. Mwanamke huyu alikuwa na njia nyepesi ya kunyamaza. Angaliondoa jagi asiseme neno, asingalifukuzwa. Alifukuzwa kwa sababu alichagua usalama wa watu wasiomjua kuliko siri yake.

Shauri la tatu ndilo linaloonyesha lile kosa la kufikiri lililotajwa hapo kwanza. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika mji mmoja wa Uingereza alidai kuwa dalili zake zilifika kiasi cha ulemavu. Mahakama ya kwanza ilimkatalia, na katika sababu zake ilitaja kuwa mwanamke huyo aliweza kuwahudumia watu wa nyumbani kwake. Mwezi Oktoba mwaka 2021 mahakama ya rufani ya kazi ilisema kuwa njia hiyo ni makosa. Sheria haitaki mambo ayawezayo mtu yapimwe katika mizani dhidi ya asiyoyaweza. Yataka kuulizwa ni yapi hayawezi, na ni yapi ayaweza kwa shida. Kwa uamuzi huo, zile pande mbili za uchunguzi wa mwaka 1933 zilirudishwa pamoja. Kwamba mtu amefanya kazi yake hakuthibitishi kuwa hakuumia katika kuifanya.

Katika miaka hiyo hiyo jambo lilitoka mahakamani likaenda serikalini. Mwaka 2017 serikali ya Uingereza ilichapisha mkusanyo wa ushahidi juu ya wanawake wa umri huo na kazi. Mwezi Julai mwaka 2022 kamati ya Bunge ihusikayo na wanawake na usawa ilipendekeza, pamoja na mengine, ifanyiwe majaribio likizo ya kukoma kwa hedhi, na serikali ifikirie kuiingiza hali hiyo miongoni mwa sifa zinazolindwa na sheria ya usawa. Mwezi Januari mwaka 2023 serikali iliyakataa mapendekezo hayo mawili. Ilisema kuwa majaribio ya likizo hayakuwa ya lazima, na kwamba sifa mpya katika sheria huenda ikaleta ubaguzi usiokusudiwa, kwa mfano kwa wanaume wenye maradhi ya muda mrefu. Mwezi Mei mwaka huo taasisi ya viwango ya nchi ilitoa kiwango namba BS 30416 cha kuwaongoza waajiri. Mwezi Februari mwaka 2024 tume ya usawa na haki za binadamu iliwakumbusha waajiri wajibu wao. Na muswada wa haki za wafanyakazi uliopelekwa Bungeni Oktoba 2024 ulikuwa na kifungu cha kuwezesha waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi kutakiwa kutangaza mipango yao ya kuwasaidia wafanyakazi katika kipindi hiki.

Ukiyasoma maelekezo hayo yote utastaajabu kwa udogo wa mambo yatakiwayo. Feni mezani. Meza karibu na dirisha. Sare ya pili ya kubadili, na kitambaa kisichozuia hewa. Choo kilicho karibu, na ruhusa ya kukiendea pasipo kuomba mbele za watu. Maji baridi. Zamu ianzayo saa moja baadaye kwa yule ambaye usiku hakulala. Nafasi ya kwenda kwa tabibu. Mtu wa kuambiwa asiyekuwa mkuu wake mwenyewe. Siku za ugonjwa za namna hii zisihesabiwe katika idadi inayoleta onyo. Hakuna katika orodha hiyo kitu kimoja kiwezacho kufilisi kampuni. Gharama yake kubwa imo katika kusikiliza.

Hata hivyo hofu ya zamani haijafa, na si haki kuidharau. Wako wanawake wasiopenda hali yao itajwe katika maandishi ya kazi, wakisema kuwa mwajiri atakayesikia kila siku habari za kusahau na kuchanganyikiwa kwa wanawake wa miaka 50 atamwajiri kijana. Wako pia wachukizwao na jina la ulemavu kwa jambo la maumbile. Hoja hizi zina uzito. Mwanamke wa Scotland hakuokolewa na neno kukoma kwa hedhi, maana neno hilo halimo miongoni mwa sifa zinazolindwa katika sheria ya mwaka 2010. Aliokolewa na neno ulemavu. Sheria ilimlinda kwa kumvika jina ambalo pengine hakulitaka.

Lakini dawa ya hofu hiyo haitapatikana kwa kurudi katika kimya. Kimya kilijaribiwa kwa zaidi ya karne moja, na faida yake ilikwenda kwa mwajiri aliyepata kazi kamili pasipo kufungua dirisha. Palipo na feni kwa kila aitakaye, na zamu iwezayo kubadilishwa kwa kila mwenye sababu, mwanamke hahitaji kutangaza mwili wake ili apate hewa. Chumba chema hakimtaki mtu athibitishe kuwa anaumwa. Wale matabibu wa mwaka 1933 walionyesha kuwa wanawake waliumwa na walifanya kazi. Uingereza ilichukua miaka karibu 90 kuisoma sentensi hiyo mpaka mwisho, na waajiri wengi ulimwenguni wangali katika nusu yake ya pili.